Ami, Kasa Amenipasulia Jarife

Mwezi huu kapu la barua limejaa kasa, hata maswali ya injini na bei ya kamba yamebidi yangoje. Sababu naijua. Ile video ya vijana waliompanda kasa mgongoni wakipiga picha, naye masikini anatafuta pa kutagia, imefika kila simu kuanzia Kiunga mpaka Malindi. Mimi nililetewa na wajukuu wanne, kila mmoja akidhani yeye ndiye wa kwanza.

Kwa msomaji mgeni: mimi si daktari wa samaki wala si afisa. Nilizaliwa Ndau, nikavua miaka 22, kisha nikatembea fukwe za Shela na Manda usiku kwa usiku nikihesabu viota, mpaka magoti yalipokataa. Najibu niliyoyaona, pamoja na machache niliyoyaokota kwa watafiti niliokuwa nikiwabebea mizigo.

*

*Ami, salaam aleikum. Usiku wa Jumatatu nilitega jarife, ule wavu wangu mkubwa, karibu na Kinyika. Alfajiri nikamkuta kasa mkubwa amejiviringa humo, na tundu alilolitoboa apita mtoto wa ng'ombe. Alikuwa amelegea. Mmoja wetu akasema tumchinje, mwingine akasema tumtupe. Nikamtupa, akazama kama jiwe. Nauliza mawili: alikufa? Na jarife langu nani atalipa?*
*Mvuvi, Shela*

Waaleikum salaam, mwanangu. Nianze na linalouma. Huenda alikufa, na huenda kilichommaliza si jarife lako bali ni kule kutupwa.

Kasa hana matamvua. Ana mapafu kama yako. Akijilalia zake chini ya mwamba, ametulia, aweza kukaa saa kadhaa bila kupanda kuvuta pumzi. Lakini akinasa akaanza kupapatika, pumzi humwishia upesi mno. Unapomkuta alfajiri macho yamefumba na shingo inaning'inia, wewe waona maiti, kumbe mara nyingi amezimia tu. Ukimrudisha majini vile alivyo, hana nguvu ya kupanda tena juu.

Siku nyingine fanya hivi. Mlaze ndani ya dau tumbo chini. Usimpindue chali hata kama wazee walikuambia ndivyo anavyotulia, kwani akiwa chali uzito wa matumbo humkandamiza mapafu. Upande wa nyuma uinue kwa ubao au furushi la nyavu, kiasi cha shibiri, kichwa kiwe chini maji yapate kutoka. Mfunike gamba kwa shuka lililolowa, pua uiache wazi, na umtafutie kivuli. Kila baada ya muda mwinue kidogo upande huu na upande ule, taratibu, kama ubembelezavyo mtoto. Ukitaka kujua kama yu hai mguse kope kwa ncha ya kidole, au mguse mkia. Akikunja, yumo. Wala usiwe na haraka, maana wako wanaozinduka baada ya saa chache na wako wanaongoja mpaka kesho yake.

Mimi niliwahi kukaa na mmoja kutoka adhuhuri hadi karibu na magharibi, samaki wanaharibika na wenzangu wananitazama kama nimerogwa. Nilikuwa nimeshakata tamaa, namwagia maji kwa mazoea tu, alipopuliza. Sauti ilikuwa ile ya tairi la baiskeli likitolewa vali. Nahodha wetu, mtu ambaye sikumwona akicheka miaka yote niliyovua naye, aligeuka kwenye usukani akasema, "Waaleikum salaam."

Akishainua kichwa na kupiga mapezi kwa nguvu, zima injini, mteremshe kwa mikono, mbali na nyavu.

Sasa la jarife. Pale Watamu shirika la Local Ocean Conservation, lililoanza mwaka 1997, huwapa wavuvi pesa kidogo wakipiga simu kwamba kasa amenasa. Watu wao huja, humpima, humtia kibati chenye nambari pezini, huangalia kama ana jeraha, kisha humwachilia. Wameshaachilia zaidi ya 20,000 kwa njia hiyo. Hizo pesa si bei ya kasa wala si bei ya jarife, ni za muda wako na simu yako. Huku kwetu wapigie LaMCoT, wale walinzi wa viota wa hapo Shela, au askari wa KWS, shirika la serikali la wanyamapori, au uanze na BMU yako, ile kamati ya wavuvi wa ufukwe wenu.

Lakini kulipwa jarife zima, nisikudanganye. Mwaka mmoja nilipeleka langu lililoraruka kwenye ofisi fulani. Wakaniambia andika barua. Nikaandika. Wakataka picha, nikapeleka picha. Niliporudi mara ya tatu nikaambiwa afisa aliyekuwa akishughulikia amehamishwa, na barua amehama nayo. Nilikaa barazani siku 9 nikishona mwenyewe. Kwa hiyo nikikwambia uvumilie, jua ninayekwambia uchungu huo naujua.

Lililo mkononi mwako ni pale unapotega. Usilaze jarife juu ya nyasi za bahari usiku, ndipo malishoni pake. Na uliangalie mara mbili kabla ya alfajiri badala ya mara moja. Kule Peru wavuvi wamejaribu kufunga vitaa vya kijani kwenye nyavu zao, kasa wanaonasa wakapungua zaidi ya nusu, na samaki waliokusudiwa hawakupungua. Vitaa hivyo vina gharama, na hapo ndipo wafadhili wanaokuja kutupa fulana na kofia wangefaa kutia mkono mfukoni.

*

*Ami, mwalimu ametuambia kasa akitaga hulia kwa uchungu. Ni kweli? Na utajuaje dume na jike?*
*Mwanafunzi, Gredi ya 6, Malindi*

Machozi ni kweli, mwanangu. Uchungu sijui, hajaniambia. Kasa hunywa na kula ndani ya maji ya chumvi siku zote, na chumvi ile lazima itoke, ama imuue. Ana tezi kando ya macho inayoitoa kama chozi zito, lenye chumvi kuliko bahari yenyewe. Hata akiwa majini hulia, ila huko huyaoni. Pwani huyaona kwa sababu yanateremka shavuni na kushika mchanga. Nimekaa karibu ya wengi usiku, nimelala kifudifudi mchangani nyuma yao, na nakiri kwamba ukiyaona yakimeta kwenye mwezi utasema kweli bibi huyu ana msiba. Mwalimu wako usimsahihishe mbele ya darasa. Mwambie pembeni.

Dume mtazame mkia. Wa dume ni mrefu na mnene, unatokeza nje ya gamba kabisa. Wa jike ni kijikia. Lakini hiyo ni kwa wakubwa tu, wadogo hata mimi siwezi kuwatambua. Na hili utalipenda zaidi: yai likitagwa halina dume wala jike. Mchanga ndio unaoamua. Ukiwa na joto zaidi ya nyuzi 29 hivi hutoka majike wengi, ukipoa hutoka madume. Watafiti wa Australia walitangaza mwaka 2018 kwamba kwenye fukwe za joto za kaskazini kwao, katika kasa wachanga 100 walikuwa wakikuta 99 ni majike. Sasa mwulize mwalimu: majike watupu wataolewa na nani?

*

*Ami, nakusoma kila mwezi lakini leo nakupinga. Wazee wetu Wabajuni walivua kasa kwa chazo, wakala, wakauza magamba, na kasa hawakwisha. Sisi leo ukikutwa na kipande cha nyama ni pingu. Na juzi nimesoma kwamba wakubwa wa dunia wamesema kasa si adimu tena. Basi tumekosa nini?*
*Mvuvi mstaafu, Faza*

Ndugu yangu, kwa chazo umenigusa penyewe. Babangu alikuwa naye.

Wasiomjua: chazo ni samaki mwembamba mwenye kitu kama soli ya kiatu juu ya kichwa, ambacho hujibandikia kwa papa na kwa kasa apate kusafiri bure. Babangu alimfunga kamba nyembamba kwenye shina la mkia. Tukienda, chazo kajibandika chini ya dau, twavuta makasia polepole. Akiona kasa juu ya maji babangu humbandua chazo, na kumbandua kuna namna yake. Ukimvuta kwa nyuma ndivyo anavyozidi kung'ang'ania, lakini ukimsukuma mbele anaachia kama kibandiko kilicholowa. Humtupa upande wa kasa. Chazo huona gamba, huenda akajibandika, na hapo kazi imekwisha: kila unapovuta kamba unamvuta kwa mkia, kwa nyuma, naye anazidi kushika. Nilikuwa na miaka kama minane. Kazi yangu ilikuwa kuikunja ile kamba isitatane, na kofi nililopigwa siku ilipotatana nalikumbuka mpaka leo.

Sasa hesabu nami. Dau moja, kamba moja, samaki mmoja, kasa mmoja, na bahari iwe imetulia kama ya matlai. Kwa mwezi tulipata wangapi? Wawili, watatu, na miezi mingine hatupati. Nyama iligawiwa kijiji kizima. Leo jarife moja la nailoni linakaa majini usiku kucha halichagui, na nyuma yake yako mengine. Ghuba ya Ungwana, baina ya Malindi na Kipini, meli za kukokota kamba wale wa kuliwa zimepita miaka na miaka. Zimewekewa sharti la kuweka lango kwenye wavu kasa apate kutokea, nalo ni sharti zuri likifuatwa usiku kama linavyofuatwa mchana. Chazo na nyavu hizo hazikai mizani moja.

Na kusema wazee hawakumaliza, hapo tusijisifu sana. Gamba la kasa lilikuwa likitoka pwani hii karibu miaka 2000 iliyopita, na mabaharia wa Kiyunani waliandika hivyo katika kitabu chao cha safari. Lililotakiwa hasa ni la ng'amba, yule mwenye mdomo kama wa kasuku na magamba yaliyopandana kama vigae. Vitana, bangili, visanduku vya kutilia tumbaku, vyote vilitoka mgongoni mwake, mpaka biashara hiyo ya nchi na nchi ilipopigwa marufuku miaka ya 1970. Wewe na mimi tumeanza kuvua bahari iliyokwisha kupunguzwa, tukadhani ndivyo ilivyoumbwa.

Habari uliyosoma ni ya kweli, ila imekufikia nusu. Oktoba 2025 IUCN, wale wanaotunza orodha ya viumbe vilivyo hatarini, walimtoa kasa wa kawaida, huyu mla nyasi, katika kundi la walio hatarini. Duniani kwa jumla idadi yake imeongezeka kiasi cha asilimia 28 tangu miaka ya 1970. Mimi niliposikia nilifurahi, nikamwita mke wangu nikamsomea. Lakini hiyo ni hesabu ya dunia nzima kwa mkupuo, wapo waliozidi huku na waliopungua kule. Na wameongezeka kwa sababu watu wamelinda fukwe na mayai miaka hamsini, si kwa sababu kasa wamejua kuogelea zaidi. Ng'amba hakutolewa, yeye bado yu ukingoni kabisa.

Kisha kuna jambo ambalo mvuvi mzuri kama wewe atalielewa haraka. Kasa jike hutaga mayai 100 na zaidi kwa shimo, mara kadhaa kwa msimu, kisha hukaa miaka miwili, mitatu, hata minne ndipo arudi. Katika vitoto elfu moja hukadiriwa kwamba mmoja ndiye anayefika utu uzima, na huo utu uzima wa kutaga huja akiwa na miaka 25 hata 40. Ukiwamaliza changu mwaka huu, baada ya miaka michache utajua. Ukichimba viota vyote vya kisiwa cha Rubu mwaka huu, baba, bado kwa miaka 30 utaendelea kuona majike wakipanda, utasema mbona wako tele? Hao ni waliotagwa zamani. Siku watakapokoma wewe na mimi tuko kaburini, na wajukuu hawatajua ni nani wa kumlaumu.

Pingu nazo: sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 haimwangalii aliyeua tu. Nyama, gamba, yai, hata mafuta kwenye chupa, kukutwa navyo ni kosa. Najua wako waliofungwa kwa kilo moja ya nyama huku wenye meli hawaguswi, na hilo haliniridhishi hata kidogo. Lakini halinirudishi kwenye chazo.

*

*Ami, mwanangu wa miaka mitano ana pumu. Jirani ameniletea mafuta ya kasa nimpe kijiko asubuhi na jioni. Nimpe?*
*Mama, Kizingitini*

Usimpe, mwanangu. Hata tone.

Jirani yako hana nia mbaya, na mamangu naye alinipaka kifuani nilipokuwa mdogo. Lakini kasa huweza kuwa na sumu mwilini, aipatayo katika anavyokula, na haionekani kwa macho, haina harufu, haiondoki kwa kuchemsha wala kukaanga. Dawa ya kuiondoa hakuna. Machi 2024 ndugu zetu wa kisiwa cha Panza, Pemba, walikula kasa kitoweo cha kawaida kabisa. Wakafa watoto 8 na mwanamke mmoja, na watu 78 wakalazwa. Huwaanza watoto kwa kuwa miili yao midogo, na mama anayenyonyesha akila, sumu humfika mtoto kwa maziwa. Mpeleke kijana hospitali, pumu ina dawa ya kuvuta mdomoni inayofanya kazi. Kama jirani atanuna, mwambie Ami ndiye aliyekukataza.

Na walioniuliza kama nyama yake ni halali: hilo waulizeni masheikh wenu, si mimi. Mimi najibu la tumbo.

*

*Mzee, mimi ni mama karanga hapa Malindi. Nakaanga samaki, nasomesha watoto watatu. Kila semina ni kasa, kasa, kasa. Kasa ananifaa nini mimi ambaye siruhusiwi kumuuza?*
*Mama karanga, Malindi*

Dada yangu, hili ndilo swali nililolipenda kuliko yote, na lazima nikujibu kwa karai lako.

Wiki iliyopita ulikaanga nini? Nina hakika tafi wamo, na changu wamo. Tafi chakula chake ni nyasi za bahari na mwani unaoota juu yake. Changu, akiwa mdogo kama kidole cha mtoto, hujificha humo humo asiliwe. Nyasi hizo ni shamba, na shamba lina mfyekaji wake. Ukipiga mbizi wakati wa maji mafu, maji yakiwa safi, chukua jani moja ulitazame. Lililokaa bila kuliwa ni refu, limevaa uchafu kama utando wa buibui, ncha imekuwa kahawia na laini. Sasa nenda pale kasa alipolisha: majani mafupi, yamekatwa sawa kama kwa mkasi, kijani kibichi, yanachipua upya. Kasa hula pale pale, huondoka, hurudi. Majani ya kale hayakai yakaoza na kuwafunika wenziwe jua.

Ng'amba naye kazi yake iko kwenye matumbawe. Yeye hula sponji, wale wanaoota juu ya mwamba na kugombea nafasi na matumbawe. Na mayai yasiyoanguliwa huko mchangani huwa mbolea ya majani yanayoshika vilima vya mchanga. Kwetu Lamu vilima vya Shela ndivyo vinavyotuwekea maji ya visima, kwa hiyo hata chai yangu ya asubuhi ina deni kidogo huko.

Sitakudanganya kwamba kasa wakizidi ni heri tu. Kule visiwa vya Lakshadweep, India, walijaa sehemu moja hata wakazifyeka nyasi karibu zote, na wavuvi wakawachukia. Papa, ambao ndio wa kuwatawanya kasa wasikae mahali pamoja, wamevuliwa kupita kiasi karibu kila bahari. Kwa hiyo ukiniuliza nini hasa ninachotaka kulinda, nitakuambia ni ule mpangilio mzima, na kasa ndiye ninayemjua vizuri. Hifadhi yenu ya Malindi imekuwako tangu mwaka 1968, na samaki hawajui mpaka wake uko wapi. Wakijaa ndani humwagikia nje, kwa wavuvi wanaokuletea wewe.

Semina nazo, ni kweli zimezidi. Wakikualika tena waambie walete wafanye sokoni, saa nne asubuhi, mafuta yakiwa bado hayajapata moto.

*

*Ami, kasa hula kweli mifuko ya plastiki?*
*Kijana, Mambrui*

Hula. Mfuko ukielea ndani ya maji hufanana na konyeza, yale madude ya utelezi yanayowasha, na kasa wengi huyapenda. Ukishamkaa tumboni hewa hujaa, akaelea kama boya asiweze kuzama kutafuta chakula. Marufuku ya mifuko ya tangu Agosti 2017 imesaidia, naona tofauti ufukweni, lakini vifuniko vya chupa na ndara hazikusikia hiyo marufuku.

*

*Mzee wangu, mimi ni mlinzi wa usiku katika hoteli ya ufukweni. Mwaka jana vitoto vya kasa vilitoka usiku, vikaja kwetu badala ya kwenda majini. Viwili nilivikuta ndani ya bwawa la kuogelea, vingine paka walishavimaliza. Meneja anasema taa haziwezi kuzimwa, wageni wanaogopa. Nifanyeje?*
*Mlinzi, Malindi*

Kijana wangu, vitoto hivyo havikupotea, vilidanganywa. Hutoka mchanga ukishapoa, aghalabu usiku, na hukimbilia penye mwanga. Tangu kuumbwa kwa dunia, penye mwanga usiku ufukweni ni upande wa bahari, na penye giza ni upande wa miti. Kisha ikaja hoteli yako.

Meneja usimwambie azime, mwambie ageuze. Taa zote zinazotazama bahari ziteremshwe chini na ziwekwe kofia, zimulike njia tu na zisimulike mchanga. Balbu nyeupe zibadilishwe kwa za rangi ya chungwa au nyekundu. Wageni hawataogopa, watapiga picha. Viti vya kuotea jua viondolewe mchangani jioni, kwani jike akigonga kiti hugeuka akarudi zake bila kutaga. Mashimo wanayochimba watoto wa wageni yafukiwe. Na kama kiota kinajulikana kiko pale, kwa siku zile chache za kuanguliwa zima taa za upande huo kabisa. Meneja akikataa, mwulize atamjibu nini mgeni atakayekuta kitoto cha kasa kinaelea kwenye bwawa asubuhi, na simu iko mkononi.

Ukivikuta vimepotea, vitie ndoo yenye mchanga uliolowa, usitie maji. Vipeleke pwani penye giza, uviweke mchangani hatua kadhaa kabla ya maji, viteremke vyenyewe. Usivirushe majini. Kaa navyo tu ufukuze kaa na paka.

*

*Ami, jana asubuhi nimeona ufukweni alama kama za tairi la trekta, zatoka majini mpaka kwenye majani na kurudi. Trekta huku kwetu hakuna. Ni kasa? Nami ni peke yangu niliyeona.*
*Msomaji, Kipungani*

Ni kasa. Kama alama za kushoto na kulia ziko sambamba, na upana wake ni karibu mita moja, ni kasa wa kawaida, anayetupa mapezi yote mawili pamoja. Kama zinapishana, kushoto, kulia, kushoto, na ni nyembamba zaidi, basi umebahatika, ni ng'amba.

Usichome mchanga kwa kijiti kutafuta mayai, wengi huyatoboa hivyo. Usiyahamishe pia. Yai likishapita saa chache tangu litagwe, kilichomo ndani kimejishikiza juu ya ganda, ukiligeuza umekiua. Watu wenye mazoea wakiona kiota kiko chini ya mstari wa bamvua watajua la kufanya. Hiyo alama ifute kwa tawi la mkoko, kuanzia juu mpaka kwenye maji, kisha ukae kimya barazani. Usimwambie hata shemeji yako.

Nipigie kupitia ofisi ya jarida. Niambie ni usiku wa tarehe ngapi, na kuna mti gani karibu. Nitahesabu siku 50, kisha nitakuja na mkeka na birika la kahawa, magoti yakiruhusu, na tutalala hapo usiku mmoja mmoja mpaka mchanga uanze kutikisika.